Fundi Yuko Njiani

Karatasi ile waliibandika mlangoni mwa lifti
mwezi wa pili, wino ukiwa bado mweusi:
LIFTI IMEHARIBIKA. FUNDI YUKO NJIANI.
Sasa ni Oktoba. Wino umekuwa rangi ya chai ya maziwa,
na mtu ameongeza kwa kalamu, chini kabisa:
anatoka Misri kwa miguu.

Hucheka kila nikiisoma.
Nami hutoka Ngara saa kumi na mbili,
nikiviringisha gurudumu kwenye lami, kati ya magari,
maana kando ya njia ni milki ya bodaboda na jiko la mahindi.
Huyo fundi namwelewa.

Darasa liko orofa ya nne.
Vidato sitini na nane. Wenzangu hawajui idadi;
mwenye magoti mazima hahesabu.
Nilihesabu mimi, nikipandishwa kinyumenyume,
uso ukitazama nilikotoka.

Wekulo hushika kushoto, Guyo kulia,
Chelagat na Odera upande wa miguu.
Nawajua kwa pumzi.
Wekulo hula vitunguu tangu alfajiri.
Guyo hunong'ona kwa lugha ya mama yake,
tokko, lama, sadi, kisha huanza upya.
Odera husimama orofa ya pili, akisingizia kamba ya kiatu,
na kiatu chake hakina kamba.
Chelagat hasemi.
Aliniona siku moja nikiikamata sketi isipeperuke;
kesho yake akaja na leso, akanifunga magotini
bila kuuliza, bila kungoja asante.

Asante! Nimelitumia neno hili hadi limetoboka.
Asante orofa ya kwanza, asante kwenye kona,
asante kwa kuniingiza mahali nilipolipia karo.
Nikikasirika, nimkasirikie nani?
Huwezi kugombana na mikono inayokushika
ukiwa hewani juu ya saruji.

Jumanne moja mvua iliwazuia wote wanne.
Nilikaa chini ya ngazi, nikasikia huko juu
Daktari Kerubo akiita majina.
Nzilani?
Kimya.
Nzilani Musyimi?
Nikakiacha kiti. Nikakalia kidato cha kwanza,
daftari nimeliuma menoni,
nikajisukuma juu kwa viganja. Cha pili. Cha tatu.
Watu walinipita wakiomba radhi,
wakiruka kwa adabu, kama mtu arukavyo dimbwi.

Nilikuwa cha thelathini na moja aliponikuta.
Hakuninyooshea mkono. Alikaa kando yangu
na suti yake ya kijivu, kwenye tope la viatu vya watu.
"Vimebaki vingapi?"
"Thelathini na saba."
Miaka kumi na mmoja anafundisha jengo hili; hakujua.
Kisha akapaza sauti, ikapanda hadi paani:
"Shukeni wote! Ubao uacheni, huo hauna haja ya kusoma."

Somo la siku hiyo lilikuwa uwezekano.
Tulilisoma ngazini, sauti ikigonga kuta,
na mlinzi alituuliza mara mbili kama ni mgomo.

Tangu hapo, Jumanne tuko chini,
kwenye stoo iliyokuwa ya viti vilivyovunjika.
Panya wapo. Kuna wanaolalamikia harufu ya kutu.
Siku ya kwanza nilifika mapema.
Sikujua mapema ni kubwa hivyo:
dakika kumi nzima, sijui mikono niiweke wapi.
Wekulo aliingia, akanitazama, akatazama viganja vyake.
"Tukubebe hata kidogo, tusisahau?"
Nilicheka. Kisha nikainama kutafuta kalamu
ambayo nilikuwa nimeishika.

Alhamisi bado ni orofa ya nne.
Profesa wa Alhamisi anasema ratiba imeshachapishwa.
Basi Alhamisi tunapanda: vitunguu, tokko, lama,
leso magotini.
Orofa ya pili wananitua.
Odera anabisha hodi kwenye mlango wa lifti,
anatega sikio.
"Fundi, umefika?"
Anangoja kidogo, kwa heshima,
kisha anainama kufunga kamba ya kiatu.